Kitabu Ambacho Ntabaye Hakuandika

Zita alikuwa na namna yake ya kushika karatasi ya mtu aliyemdharau. Aliishika kwa ncha za vidole viwili, kwenye pembe, kama mtu anayetoa mende kwenye sukari, halafu akaisogeza mbali na uso ingawa miwani yake ilitaka aisogeze karibu. Alikuwa mkutubi wa chuo kimoja cha maendeleo ya jamii hapo Biharamulo kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo karatasi alizozishika kwa mkono mzima zilikuwa chache. Wanafunzi walimwigiza bwenini, wakashika sahani na soksi kwa vidole viwili na kuvunjika mbavu. Alijua. Hakuona sababu ya kubadilika kwa ajili ya watu wasiojua tofauti ya koma na nukta.

Jumatatu hiyo asubuhi aliyesimama mbele ya meza yake alikuwa Anneth, msichana wa mwaka wa mwisho kutoka kata ya Nyamigogo, mtoto wa wakulima, mpole, mwenye tabia ya kuweka mikono nyuma kana kwamba bado yuko mstarini shule ya msingi.

"Hiki ni nini?" Zita akauliza.

"Marejeleo, Madam. Ya utafiti wangu."

"Haya si marejeleo. Hii ni orodha ya watu waliohudhuria msiba."

Akaanza kusoma kwa sauti, polepole, ili maneno yenyewe yaone aibu. "Kuna mtu hapa umemwandika kwa jina la kwanza tu, utadhani mlicheza naye kombolela. Huyu mwaka wake uko mwishoni, huyu uko katikati, huyu hana mwaka kabisa, labda bado hajazaliwa. Na huyu namba saba, mwandishi anayeitwa Google. Huyu bwana ni wa ukoo gani? Mtu wa Ngara au wa hapahapa?"

Anneth alitazama sakafu.

"Jina la ukoo kwanza," Zita akasema, kwa uchovu wa mtu anayerudia jambo kwa mara ya elfu moja. "Koma. Herufi ya kwanza ya jina lake. Mwaka ndani ya mabano. Jina la kitabu kwa hati mlazo. Mji, koloni, mchapishaji, nukta. Basi. Huhitaji akili nyingi, unahitaji macho. Na mwongozo nimeubandika pale mlangoni, mnaupita kila siku kama..."

Macho yake yalikuwa yamefika sehemu ya chini ya ukurasa, na huko chini mambo yalikuwa mengine. Vyanzo vinne vya mwisho vilikuwa vimeandikwa sawasawa, kila alama mahali pake. Kimojawapo kilisomeka: Ntabaye, L. P. (2009). Utafiti Vijijini: Mbinu na Changamoto. Mwanza: Ziwani Wachapaji.

Hakikukosekana kitu, na hilo ndilo lililomshtua. Mtu anayemwandika Google kama mwandishi hawezi, mistari mitano baadaye, kujua kwamba mji unafuatwa na koloni.

"Kitabu hiki umekisoma?"

"Nimesoma... sehemu."

"Kina jalada la rangi gani?"

Anneth akageukia rafu, kana kwamba jibu liko huko.

"Anneth. Nimekuuliza rangi."

"Sijakiona, Madam," msichana akasema. "Nilipewa na Shibuda."

Shibuda alikuwa mwenye duka la steshenari karibu na stendi ya mabasi. Juu ya mlango wake palikuwa na maandishi ya rangi nyekundu: TUNACHAPA, TUNATOA FOTOKOPI, TUNAREKEBISHA UTAFITI. Zita alikuwa akipita mbele ya maandishi hayo kwa miaka miwili akiwa amegeuza uso.

"Na kwa nini mtafiti anakwenda kutafuta vitabu kwa mtu wa fotokopi?"

Anneth akafungua faili lake, akatoa rasimu ya kwanza ya utafiti wake na kuiweka mezani. Utafiti ulihusu namna wanawake wa Nyamigogo wanavyohifadhi mbegu za maharage kutoka msimu hadi msimu. Kwenye ukurasa wa mwisho, miongoni mwa vyanzo vyake, aliorodhesha wanawake wazee sita aliowahoji. Wote sita walikuwa wamekatwa kwa kalamu nyekundu, mstari mmoja mrefu uliopita juu yao kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na pembeni paliandikwa kwa herufi kubwa: BIBI SI CHANZO. VYANZO 15, SI CHINI YA HAPO.

Zita aliutambua mwandiko. Ulikuwa wa Aristides, mkufunzi wa mbinu za utafiti, aliyehamia chuoni miaka minne iliyopita akiwa na shahada ya uzamili na tai tatu. Alifunga tai hata siku ya kupalilia bustani ya chuo. Hakuweza kusema mvua inanyesha bila kuanza na "kwa mujibu wa". Na tangu afike, katika miaka minne, hakuwahi kuazima kitabu hata kimoja maktaba. Zita alikuwa na daftari la waazimaji, na kila mwisho wa muhula alilipekua kwa furaha fulani, akalikuta jina la Aristides halimo.

"Acha hiyo karatasi hapa," akamwambia Anneth. "Urudi kesho."

Rasimu za darasa zima, thelathini na moja, zilikuwa zimeshawekwa maktaba kusubiri siku ya kuwasilisha tafiti mbele ya watahini. Zita alifunga mlango, akaketi, akaanza ya kwanza. Kufikia saa ya chakula cha mchana alikuwa amemkuta Ntabaye katika tafiti ishirini na tatu, mbali na ya Anneth. Alikuwa ametajwa katika ndoa za utotoni, katika visima vya maji, katika ufugaji wa nyuki, katika vikundi vya akina mama. Popote alipotajwa, ilikuwa ukurasa wa arobaini na saba. Zita akamtafuta kwenye mtandao kwa simu yake, hakuwepo. Akawatafuta Ziwani Wachapaji, hawakuwepo.

Halafu wazo likamjia, wazo lililomfanya asimame. Akachukua kwenye rafu jarida dogo la chuo la mwaka uliopita, lile ambalo wakufunzi huandikia makala ili waonekane, akafungua makala ya Aristides. Mwishoni, kwenye herufi N, alikuwepo: Ntabaye, L. P. (2009). Bwana mkubwa alikuwa amemwokota kwenye kazi za wanafunzi wake.

Zita akaketi tena. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alijisikia vizuri hivyo.

Jioni alikwenda kwa Shibuda. Alimkuta nyuma ya mashine ya fotokopi, mwanamume wa miaka kama arobaini, mnene, mchangamfu, anayeongea kana kwamba kila mtu ni shemeji yake. Wanafunzi wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi wakila karanga na kusubiri kazi zao. Walipomwona Zita wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga.

"Karibu sana, mama! Shikamoo."

"Marahaba. Ntabaye ni nani?"

Shibuda akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Aa, Mwalimu Ntabaye! Alinifundisha darasa la nne, kule kwetu. Mkali huyo, mama! Fimbo yake naikumbuka mpaka leo."

"Aliandika kitabu?"

"Yule? Alikuwa akiandika majina ya wapiga kelele ubaoni."

Zita akavua miwani. Alikuwa amekuja na maneno makali ameyapanga njiani, lakini ilikuwa vigumu kumwaibisha mtu asiyejua kwamba hapo pana aibu.

"Mama, wewe nisikilize," Shibuda akasema, akivuta kiti apate kuongea vizuri. "Watoto wanakuja hapa wanataka kulia. Wameambiwa vyanzo kumi na tano. Huko maktaba kwenu wanasema vitabu ni vya kufuga kondoo wa nchi za baridi. Sasa mimi nifanye nini? Nawasaidia. Na marejeleo yangu ni safi, hakuna hata mmoja aliyewahi kurudishiwa kwa sababu ya koma. Maana mimi nimesoma. Ule mwongozo ulioubandika mlangoni kwako niliupiga picha. Huu hapa."

Akamwonyesha. Ulikuwa ukutani, umekuzwa, umewekwa ndani ya nailoni. Jina la ukoo kwanza. Koma. Zita aliuangalia mwandiko wake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaishiwa dharau. Katika miaka kumi na tisa, mwanafunzi mmoja tu ndiye aliyeushika mwongozo wake neno kwa neno, na mwanafunzi huyo ni tapeli.

"Na ukurasa wa arobaini na saba?"

"Lazima kuwe na ukurasa, mama. Si ndivyo ulivyoandika?"

Angeweza kwenda kwa mkuu wa chuo asubuhi yake. Ofisi ilikuwa hatua thelathini kutoka maktaba, na Mwalimu Celestini, mkuu wa chuo, alikuwa mtu wa kusikiliza. Hakwenda. Siku ya kuwasilisha tafiti ilikuwa imebaki wiki tatu. Angekuja mtahini wa nje kutoka Mwanza, na Aristides angekaa pale mbele na tai yake. Zita alijiambia kwamba anakusanya ushahidi. Ukweli ni kwamba alikuwa anaonja utamu wa siku hiyo. Kila alipokutana na Aristides barazani alimsalimu kwa upole ambao haukuwa kawaida yake, naye Aristides, ambaye hakuwahi kushuku kwamba mkutubi anaweza kuwa na mawazo, aliitikia akiwa anaangalia simu.

Anneth peke yake ndiye aliyeambiwa cha kufanya. "Huyu Ntabaye mtoe. Bibi zako warudishe. Watakuwa na sehemu yao, andika juu yake Vyanzo vya Mahojiano. Jina kamili, mahali, tarehe."

"Nilishaandika, Madam."

Zita akaangalia. "'Bibi jirani.' Jirani wa nani? 'Mama mkubwa wa kwa Erasmus.' 'Bibi wa kule bondeni.' Anneth, mtu akitaka kwenda kuwauliza tena, akifika Nyamigogo aanze kupiga kelele bondeni?"

"Sikuwauliza majina yote. Niliona kama ni utovu wa adabu."

"Utovu wa adabu ni kuchukua maneno ya mtu mzima na kumwita bondeni."

Jumamosi walikwenda wote wawili, kila mmoja kwa bodaboda yake, kwa sababu Zita hakumwamini mtu yeyote kurudi na jina lililokamilika. Walipita nyumba kwa nyumba. Wanawake watano walitaja majina yao bila taabu, wakashangaa tu kwamba mtu ametoka mjini kwa ajili hiyo. Wa sita, Bibi Esperansia, walimkuta uani akipepeta maharage. Anneth akapiga goti kumsalimu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umerudi na polisi?" Bibi akasema, akimtazama Zita juu hadi chini.

Zita akamsalimu kwa Kihangaza cha kwao Mbuba, kule Ngara, bibi akamjibu kwa Kisubi, na walipoona wanaelewana wakacheka kidogo, kisha wakarudi kwenye Kiswahili ili Anneth aandike vizuri.

"Jina la ukoo ndilo linalotangulia, bibi," Anneth akaeleza. "Kwenye kitambulisho chako umeandikwa Esperansia Bernardo. Kwa hiyo itakuwa Bernardo, halafu koma, halafu E."

"Bernardo nani?"

"Si babu?"

Bibi akaweka ungo chini. "Bernardo hajui kama mbegu inawekwa kwenye chungu au kwenye kofia. Miaka arobaini na mitatu anayakuta maharage kwenye sahani. Leo kwenye kitabu ndiye atangulie, na mimi nibaki herufi moja?"

Zita alicheka kwa sauti, kicheko kikubwa ambacho Anneth hakuwahi kukisikia, hata akaacha kuandika. Lakini kilipokwisha, Zita akaona kwamba swali la bibi ni la haki. Mwongozo wake ulisema jina la ukoo kwanza, na hapo uani jina la ukoo halikuwepo. Kwao Mbuba pia halikuwepo. Baba yake alikuwa na jina lake, mama yake na lake, kila mtoto na lake, mpaka walipofika kwenye dawati la mtu wa kuandikisha, ambaye aliyaunganisha kama alivyoona. Alikuwa amewafokea watu kwa miaka kumi na tisa juu ya kitu ambacho yeye mwenyewe alipewa dirishani.

"Jina lako mwenyewe ulilopewa na wazazi ni lipi, bibi?"

"Nyamwiza."

"Mwandike hivyo," akamwambia Anneth. "Nyamwiza, koma, Esperansia. Jina zima, si herufi. Mahojiano, Nyamigogo, na tarehe."

"Na uandike," Bibi Esperansia akaongeza, akiokota ungo wake, "kwamba mbegu inachanganywa na majivu makavu ya mashina ya maharage yenyewe. Si kama Priscila wa hapo juu anayechota majivu yoyote jikoni, halafu mwezi wa tisa anakuja kuniomba mbegu."

Siku ya kuwasilisha ilifika. Ukumbini, meza ya mbele, alikaa Mwalimu Celestini katikati, Aristides kulia kwake, na kushoto mtahini wa nje, Daktari Teddy, mwanamke mdogo wa umbo aliyevaa sweta na kuandika bila kuinua kichwa. Zita alikaa pembeni na sanduku la tafiti zote, kama ilivyokuwa kazi yake. Kabla ya Anneth walisimama wanafunzi saba. Watano kati yao walimtaja Ntabaye, na kila alipotajwa Daktari Teddy aliandika kitu.

Anneth alieleza utafiti wake vizuri, mikono nyuma. Alipomaliza, Aristides akarekebisha tai.

"Mwanafunzi, nilikuagiza vyanzo kumi na tano. Hapa nahesabu tisa. Na kati ya hivyo tisa, sita ni vikongwe." Akasubiri watu wacheke, na wachache wakacheka. "Kwa mujibu wa taratibu za utafiti, elimu haitoki uani. Halafu, Ntabaye yuko wapi? Unawezaje kufanya utafiti wa vijijini bila Ntabaye? Huo ndio msingi."

"Samahani," Daktari Teddy akasema, akainua kichwa. "Huyu mwandishi namwona kwenye kazi nyingi za hapa, nami simfahamu. Mwalimu, wewe umemsoma?"

"Kwa kina."

"Anasemaje kuhusu kuwahoji wazee?"

"Anasema..." Aristides akatazama dari. "Anasisitiza uangalifu."

"Ukurasa gani?"

"Arobaini na saba."

Wanafunzi ishirini na watatu walikuwa wakitazama viatu vyao.

"Ningependa nikione," Daktari Teddy akasema.

"Nakala yangu iko Bukoba."

"Maktaba ipo," Mwalimu Celestini akasema kwa nia njema kabisa. "Mama Zita, hebu tuletee hicho kitabu."

Zita akasimama. Sentensi hiyo alikuwa ameitunza kwa wiki tatu, akiigeuza mdomoni kila asubuhi. "Hakiwezi kuletwa, mkuu. Ntabaye ni mwalimu aliyemfundisha Shibuda wa steshenari darasa la nne. Hajaandika kitabu maishani mwake. Jina la kitabu amelitunga Shibuda, mchapishaji amemtunga Shibuda, na Mwalimu Aristides amekisoma kwa kina."

Kicheko kilichofuata kilianzia nyuma, kikaja mpaka mbele. Hata Mwalimu Celestini alijifunika mdomo. Aristides alifungua faili lake, akalifunga, akalifungua tena. Shingo yake ilikuwa imevimba juu ya ile tai, na Zita alimtazama moja kwa moja, bila haraka, kama mtu aliyesubiri chakula kipoe na sasa anakula.

Daktari Teddy hakucheka.

"Umejua lini?" akamwuliza Zita.

"Wiki tatu zilizopita. Yuko katika tafiti ishirini na tatu."

"Wiki tatu. Na vijana ishirini na watatu ukawaacha waje kusimama mbele yangu na kitabu hewa?"

"Nilikuwa nakusanya ushahidi."

"Wa kumwaibisha nani? Maana hawa ndio wanaofeli, si mwalimu." Akawageukia wanafunzi. "Na ninyi. Chuo kina mkutubi. Hamkuweza kumwuliza?"

Mwishowe akasimama Bukuru, kijana mrefu kutoka Kabanga, ambaye baba yake hubadilisha fedha mpakani na ambaye mwenyewe aliogopa vitu vichache. "Tungeweza, Madam. Lakini ukimwuliza anakucheka. Shibuda hacheki."

Alilisema bila chuki, kama mtu anayeeleza kwa nini alipita njia ya mbali. Zita alibaki amesimama na mkono juu ya sanduku. Alitafuta neno la kumjibu, na kwa kawaida maneno hayo yalikuwa tele, yakimjia kabla mtu hajamaliza kusema. Safari hii halikuja hata moja. Akaketi.

Mwalimu Celestini, asiyependa fujo, alisema suala litashughulikiwa ndani ya chuo, na kila aliyewahi kuwa kwenye utumishi wa umma anajua maana yake ni kwamba halitashughulikiwa. Wanafunzi ishirini na watatu walipewa wiki mbili kurekebisha. Anneth alifaulu. Daktari Teddy alimwuliza swali moja tu, kwa nini bibi wa mwisho ameandikwa kwa jina lake na si la mumewe. Anneth akaeleza habari ya chungu na kofia, akashangaa kuona daktari anaandika jibu lote.

Shibuda alifuta kwenye ukuta wake maneno TUNAREKEBISHA UTAFITI, akaandika TUNASHAURI WATAFITI. Aristides hakuhamishwa, hakuandikiwa barua, hakuomba radhi. Baada ya siku tatu alibandika tangazo lenye mhuri, likisema kwamba kufuatia juhudi za idara ya utafiti kuinua ubora, vyanzo vyote sasa vitahakikiwa na maktaba kwa maelekezo yake.

Kwa hiyo Jumatatu foleni ilianzia kwenye meza ya Zita na kuishia nje kwenye nyasi. Wa kwanza alikuwa Bukuru, na orodha yake ilikuwa balaa. Zita alihisi sentensi tatu nzuri sana zinampanda kooni, moja kuhusu Kabanga, moja kuhusu macho, na moja kuhusu mtu aliyeweka jina la kitabu mahali pa mji. Akazimeza. Akainuka, akaenda chumba cha kusomea, akarudi amebeba kiti.

"Kaa," akasema.

Bukuru akakitazama kiti kana kwamba kina misumari. "Nikae, Madam?"

"Utasimama hapo mpaka lini? Kaa. Hiki umekitoa wapi? Kama ni mtandaoni, niambie mtandaoni, tutaandika anwani na tarehe uliyokisoma. Kama hukukisoma, niambie hukukisoma, tutakitoa. Usinidanganye tu, maana nitajua, na kiti nitakichukua."

Kufikia saa kumi alikuwa amemaliza saba. Ilikuwa kazi chungu. Mmoja wao, binti mwingine wa Nyamigogo aliyeandika mwaka wa kuzaliwa wa mwandishi badala ya mwaka wa kitabu, alipoelewa kosa lake alicheka mwenyewe, kwa sauti. Zita alishangaa kwamba mtu anaweza kucheka katika maktaba hiyo bila yeye kuwa ndiye aliyeanza.

Alipofunga mlango alimkuta Aristides barazani, amesimama mbele ya tangazo lake, mikono mfukoni, akilisoma kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Zita alikuwa amejizuia tangu asubuhi, na koo lilikuwa linamkereketa. Akasogea, akasimama karibu naye, akavaa miwani.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "pale mstari wa pili umeandika 'malejereo'. Ni marejeleo. Inaanza R, halafu inafuata L."

Akamwacha hapo akihesabu herufi, akashuka ngazi kwenda nyumbani.